Mshindani wa Ridhaa

Mtu ashindanaye pasipo malipo amepewa na Kiswahili jina zuri: huitwa mshindani wa ridhaa. Neno hilo lina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Ya kwanza ni hiari: mtu huyu hakuajiriwa wala hakulazimishwa, bali alitaka mwenyewe. Ya pili ni kukubali: aliyeridhika ni yule aliyepokea kilichomfikia, kiwe kitamu au kichungu. Aghalabu watu huitazama maana ya kwanza wakaisahau ya pili. Lakini aliyepata kuingia katika mashindano ya magari kwa fedha yake mwenyewe huijua ile ya pili kabla hajaifaidi ya kwanza. Hiari humfikisha mpaka mstari wa kuanzia. Kutoka hapo na kuendelea huhitaji moyo wa kupokea, maana mashindano ya mwanzo hayana huruma, na gari halijui kama bwana wake ni mgeni.

Atakaye kuona asili ya jambo hili hana haja ya safari ndefu. Na asimame asubuhi pembeni mwa mtaa mmoja wa Kariakoo, mahali palipopata jina lake kwa jeshi la wapagazi, Carrier Corps, la vita vya 1914 mpaka 1918. Wakati ule mzigo ulikaa kichwani na mabegani mwa watu. Siku hizi umeshuka juu ya mkokoteni. Mkokoteni hauna injini, hauna breki, wala hauna honi ila sauti ya mwenyewe. Mkokotaji hukaa mbele, akashika miti yake miwili, na mwili wake ndio usukani na ndio breki. Mikokoteni miwili iliyojaa mabunda ya nguo au magunia ya mchele ikielekea pengo moja kati ya lori na ukuta, hapo pana mashindano yasiyo na mwamuzi. Afikaye kwanza hapewi kikombe. Hupata nafasi ya safari nyingine kabla jua halijawa kali. Achelewaye hupoteza mteja, na matusi husikia juu yake.

Watoto huyaona hayo wakayaiga. Hutafuta beringi kuukuu katika karakana za Gerezani, wakachonga ekseli mbili za mti, wakapigilia ubao juu, wakafunga kamba ya kuongozea. Dar es Salaam ni mji tambarare, kwa hiyo mteremko ni neema adimu, na mtoto asukumaye nyuma ndiye injini. Kwa magoti yaliyochubuka hujifunza jambo ambalo wakubwa hulilipia fedha nyingi: kwamba gari halipinduki kwa sababu ya kasi peke yake, bali kwa sababu ya kasi iliyoambatana na kona iliyokatwa kwa pupa.

Kigari hicho cha watoto kina ndugu yake mkubwa. Mwaka 1956, huko Glendale katika jimbo la California, Marekani, fundi mmoja wa magari ya mashindano, Art Ingels, alichukua injini ndogo iliyokusudiwa mashine ya kukatia majani akaifunga juu ya fremu ya mabomba yenye magurudumu manne. Mtu mzima aliketi juu ya kitu kilichofanana na mchezo wa watoto, akaenda nacho kwa kasi. Ulimwengu ukakiita gokati, na haukupita muda mrefu vikawa vinashindanishwa katika nchi nyingi. Mwaka 1964 yalifanywa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa vigari hivyo mjini Rome.

Ni kosa kukidharau kigari hiki kwa udogo wake. Dereva huketi karibu sana na ardhi, na kwa sababu hiyo mwendo ambao ndani ya motokaa ungekuwa wa kusinzilia, hapo huonekana wa kutisha. Hakina springi, hakina mlango, wala hakina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yameshikamana na ekseli moja, yanazunguka pamoja kama mapacha waliofungwa kamba. Katika kona jambo hili ni matata makubwa. Gurudumu la nje lina njia ndefu ya kupita, na la ndani lina njia fupi. Motokaa yenye difu huyaruhusu magurudumu yake yatofautiane, lakini kigari hakina ruhusa hiyo. Basi hapana budi gurudumu la nyuma la upande wa ndani liinuke kidogo, liiache ardhi, ili lile la nje lipate kufanya kazi yake. Usukani ukikatwa ipasavyo, magurudumu ya mbele na fremu inayopindika hulinyanyua lenyewe. Mwanagenzi akataye kona kwa woga halinyanyui, na kigari humpeleka mbele moja kwa moja kama punda aliyekataa njia. Akataye kwa ghadhabu hulinyanyua kupita kiasi, kigari kikageuka, naye akajikuta anawatazama uso kwa uso wale aliokuwa akiwakimbia.

Kati ya woga na ghadhabu ndipo lilipo somo lote, wala halipatikani kwa kusimuliwa. Siku ya kwanza mwanagenzi hushuka ana malengelenge viganjani na maumivu mbavuni. Mnyororo umemtoka mara moja, plagi imemlowa mafuta mara mbili, na mtoto wa miaka 11, mwepesi kama unyoya, amempita pasipo hata kumtazama. Kila mara hudhani tatizo lake ni uchache wa nguvu za injini. Huchelewa kushika breki ili apate hatua mbili tatu kabla ya kona, kisha huzipoteza ishirini wakati wa kutoka, kwa kuwa kigari kimekwisha yumba na kasi imekufa. Saa humwonyesha ukweli huu tangu mzunguko wa kwanza. Hukawia kuiamini, kwa sababu moyo wa mtu huona haya kukubali kwamba njia ya kwenda upesi ni kupunguza mwendo mapema.

Mfano mashuhuri wa mambo haya ni Ayrton Senna wa Brazil. Baba yake alimpa kigari chenye injini ya mashine ya kukatia majani akiwa na miaka 4, na mwaka 1973, alipokuwa na miaka 13, akaingia mashindano yake ya kwanza huko Interlagos, katika mji wake wa São Paulo. Nafasi za kuanzia zilipigiwa kura, naye akaangukiwa na nafasi ya kwanza, mbele ya watu waliomzidi umri na maarifa. Aliongoza kwa muda, kisha akagongwa na aliyemfuata, mashindano yakamwishia hapo. Baadaye mvua ilipomwaibisha katika kinyang'anyiro kingine, alianza desturi ya kutoka na kigari chake kila iliponyesha, wakati wenzake walipokimbilia vibandani, mpaka akaijua lami yenye maji kama mvuvi aijuavyo mikondo ya bahari. Juu ya hayo yote, ubingwa wa dunia wa gokati haukumjia kamwe. Alikuwa wa 6 mwaka 1978, wa 2 mwaka 1979, na wa 2 tena mwaka 1980. Akarudi mwaka 1981 na mwaka 1982, ilhali amekwisha kuingia katika magari makubwa, akaukosa. Bingwa wa magari makubwa wa mwaka 1988, 1990 na 1991 alikufa mwaka 1994 pasipo kikombe kile cha vigari alichokitaka tangu utoto.

Afrika Mashariki, hata hivyo, haikulelewa katika viwanja vya gokati. Huku shule ya mwanzo ya mshindani wa magari ilikuwa barabara yenyewe, tena barabara ya udongo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 palikuwa na uwanja wa mashindano ya motokaa karibu na Gilgil, nchini Kenya, uitwao Langa Langa. Mwenye masikio asikiapo leo watangazaji wakiyaita mashindano ya magari ya kasi "langalanga", hulisikia jina la uwanja huo. Lakini palikuwa na watu ambao uwanja haukuwatosha. Husimuliwa kwamba Neil Vincent alimwambia binamu yake, Eric Cecil, kwamba haoni raha ya kuzunguka mahali pamoja. Angependa mashindano ambayo mtu hufunga mlango wa motokaa yake, akakata nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Maneno ya kupitisha wakati yakazaa jambo kubwa. Mwishoni mwa Mei mwaka 1953 motokaa zikaondoka, na safari ikapewa jina la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikabadilishwa jina ikawa Safari ya Afrika Mashariki.

Kanuni za mwanzo zilikuwa na hekima ya kipekee. Motokaa hazikupangwa kwa ukubwa wa injini bali kwa bei ya dukani, na zilitakiwa ziwe kama zile zinazouzwa kwa mtu yeyote. Hapana kanuni iliyomheshimu mshindani wa ridhaa kuliko hiyo, wala hapana iliyokuwa kali kwake kuliko hiyo. Ilimheshimu kwa kuwa ilimruhusu karani, fundi au mkulima aje na motokaa yake ya kila siku ashindane na tajiri. Ilikuwa kali kwa kuwa motokaa iliyovunjika ekseli usiku wa Pasaka ndiyo iliyotakiwa kumpeleka kazini siku ya Jumanne. Mtu wa kiwanda akiharibu motokaa hupoteza mashindano. Mtu wa ridhaa huweza kupoteza mashindano, motokaa, na amani ya nyumba yake kwa pigo moja. Mkewe alimwambia tangu mapema, naye hakusikia.

Wakati nao ulichaguliwa kama kwa kukomoa. Safari iliwekwa katika siku za Pasaka, na Pasaka huangukia katika masika. Njia ya maelfu ya maili ilipita mavumbini asubuhi na matopeni jioni. Udongo mweusi unaonata uliyashika magurudumu mpaka yakawa hayana tofauti na vinu. Barabara hazikufungwa, mshindani aliweza kukutana na basi la abiria, kundi la ng'ombe, au daraja lililokwisha chukuliwa na mto saa moja kabla hajafika. Kila dakika ya kuchelewa kituoni iliandikwa kuwa hasara. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikamaliza tena 7. Katika hesabu kama hizo neno kushindwa hupungukiwa na maana yake ya kawaida, kwa sababu karibu kila mtu alikuwa amelala njiani.

Katika shule hiyo aliingia kijana mmoja mwaka 1959, jina lake Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, baba yake akiwa fundi wa motokaa aliyetoka Punjab, naye akakulia katika harufu ya mafuta na mlio wa spana. Kabla hajawa mshindani alikuwa mtu wa doria wa chama cha wenye motokaa: kazi yake ilikuwa kupita barabarani na kuwasaidia waliokwama. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini. Wengi huingia mashindanoni wakiwa wameijua motokaa inapokwenda. Joginder aliingia akiwa ameijua inapokataa kwenda. Alikwisha kuona namna zote za ukaidi wake, za watu wengine, kando ya njia, kwenye jua na kwenye mvua, ilhali mwenye mali amesimama karibu anauliza kwa uchungu itachukua muda gani.

Hata hivyo elimu hiyo haikumpa ushindi mara moja. Alishindana mwaka 1959, akashindana 1960, 1961, 1962, 1963 na 1964. Pasaka sita zilimpita mikononi. Katika miaka hiyo nchi yenyewe ilikuwa ikibadilika chini ya magurudumu yake. Alipoanza, Kenya ilikuwa koloni ambalo shule, hospitali na vilabu vyake viligawanywa kwa rangi za watu; Tanganyika ikajitawala mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963. Mipaka aliyoivuka usiku mmoja baada ya mwingine ikawa na bendera mpya. Si rahisi kudhani kwamba kijana wa Kihindi mwenye mikono ya fundi aliingia katika mchezo ule bila kujua ni nani waliouona kuwa wao, na kwamba kila mara aliporudi nyumbani bila kikombe palikuwa na watu tayari kusema walijua tangu zamani.

Mwaka 1965 alikuja na Volvo PV544. Haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia, ikanunuliwa baada ya wenyewe kushindwa nayo. Alikaa na ndugu yake Jaswant ndani yake, na namba waliyopewa ilikuwa 1, yaani waliondoka mbele ya wote. Katika njia ya matope, kuondoka mbele ni bahati yenye faida zake, maana hupiti penye makorongo yaliyochimbwa na magurudumu ya watu wengine. Lakini pia humwoni mtu wa kukuonyesha kina cha mto. Wakashinda kwa zaidi ya saa moja. Kwa mara ya kwanza aliyeshika usukani wa motokaa iliyoshinda hakuwa Mzungu. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, na watu wakamwita Simba.

Vikombe vitatu ni vingi, lakini anayemsoma Joginder kwa vikombe vyake amesoma kurasa chache za kitabu kikubwa. Kati ya mwaka 1959 na 1980 aliingia Safari 22, akamaliza 19. Hesabu hii ya pili ndiyo ya ajabu. Wakati nusu ya washindani, na mara nyingine tisa katika kumi, waliachwa njiani, yeye alirudi karibu kila mwaka na motokaa inayotembea. Huo ulikuwa ubingwa wa mtu wa doria. Alifariki London mwaka 2013.

Wageni waliokuja na sifa kutoka Ulaya waliifahamu shule hii kwa njia yao. Ni wakati wa kucheka kidogo, kwa kuwa hakuna mwanagenzi achekeshaye kama bingwa aliyefika mahali pageni. Mwaka 1962 Pat Moss wa Uingereza, dada wa Stirling Moss na mwendeshaji hodari kuliko wanaume wengi wa wakati wake, alikuwa akiongoza katika Saab ndogo, ndipo mnyama wa porini, wa jamii ya swala, alipomrukia mbele ya motokaa. Mashindano ya Ulaya hayakuwa yamemwandaa kwa mshindani wa aina hiyo. Motokaa iliumia, naye akamaliza wa 3. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden, mtu mwenye mwili mkubwa na motokaa ndogo, alikwama matopeni pamoja na mwenzake Gunnar Palm. Kusukuma kulishindikana. Basi wakaipindua Saab yao kwa mikono, ubavu kwa ubavu, kama watu wanaobiringisha pipa, mpaka ikaangukia ardhi kavu. Wakaingia wakaendelea, wakamaliza wa 2. Waandishi wa magazeti walipokataa kuamini, aliipindua tena mbele yao. Wenyeji, waliokuwa wamekwisha ona mengi, hawakushangaa sana.

Na wenyeji hao ni akina nani? Hapa pana jambo ambalo orodha za washindi hazilisemi. Kila motokaa iliyotoka katika tope la Kenya, Uganda au Tanganyika ilitolewa na mabega ya watu wa vijiji vya karibu, wakati mwingine kwa malipo, wakati mwingine kwa furaha ya kuona jambo geni. Chini ya kila motokaa, katika kila karakana, palikuwa na mafundi wa Kiafrika waliokaza nati ambazo wengine walisifiwa kwa kutolegea kwake. Walikuwa na maarifa, na yumkini walikuwa na hiari. Walichokosa ni motokaa ya kuvunja. Ridhaa nayo ina bei yake, na katika miaka ile bei hiyo iliwazidi watu wengi wa nchi hizi. Mchezo ulioanzishwa kwa kupanga washindani kwa bei ya dukani ulikuwa, bila kusudi, umekwisha sema nani hatashindana.

Dar es Salaam ilipata fungu lake katika sifa za mchezo huu kwa mtu wa karakana. Bert Shankland alikuwa mzaliwa wa Scotland aliyefanya makao yake katika mji huu, na kazi yake ilikuwa katika biashara iliyouza na kutengeneza Peugeot. Motokaa hizo ziliingia nchini kwa meli, zikapita mlango mwembamba wa bandari mbele ya Kivukoni, na baada ya miezi michache zilikuwa zinabeba abiria, madaktari na mikungu ya ndizi katika barabara ambazo watengenezaji wake hawakuzifikiria. Peugeot 404 haikuwa motokaa ya kujivunia mbele ya wapenda kasi. Ilikuwa ngumu, na kwa fundi neno hilo ni sifa kubwa kuliko zote.

Mwaka 1966 Shankland na mwenzake Chris Rothwell walishinda Safari kwa motokaa ya namna hiyo. Mvua ilikuwa nyingi. Ziliondoka motokaa 88, zikamaliza 9. Mwaka uliofuata mvua ilikosa. Njia zilikauka, vumbi likawa adui badala ya tope, na katika motokaa 91 zilimaliza 49. Katika mwaka kama huo mwenye kasi hupata nafasi ya kumshinda mwenye subira, na wengi walitazamia hivyo. Walioshinda walikuwa Shankland na Rothwell, kwa Peugeot 404. Ushindi wa 1966 ungeweza kuitwa bahati ya mvua. Ule wa 1967 uliwanyima watu neno hilo. Aliyezoea kusikiliza injini za watu wengine kutwa kucha, Jumatatu mpaka Jumamosi, alikwisha jua ni wakati gani ya kwake inanung'unika na ni wakati gani inalia.

Hapa ndipo mwenye gokati na mwenye Peugeot hukutana, ingawa mmoja huzunguka uwanja usiozidi maili moja na mwingine huvuka nchi tatu. Wote wawili huanza kwa kudhani kwamba adui ni yule aliye mbele. Baada ya misimu michache ya plagi zilizolowa na ekseli zilizovunjika, hutambua kwamba aliye mbele ni mtu wa mbali sana, hamhusu bado. Wa kushughulikiwa ni gurudumu la nyuma la ndani, kiganja kinachobana usukani kwa hofu, mfuko ulio tupu, na nati ile aliyoambiwa aikaze akasema ataikaza kesho. Mshindani akikosa saburi ya kuyashughulikia hayo, huacha mchezo katika mwaka wa kwanza na kuuza kigari chake kwa hasara. Walioacha ni wengi kuliko waliobaki. Hapana haja ya kuwacheka. Wengine walikuwa na watoto wa kusomesha.

Mwaka 1972 Safari ya 20 ilianzia Dar es Salaam. Tangu mwaka 1953 hapana aliyetoka ng'ambo aliyeshinda. Kila mwaka kikombe kilibaki kwa wakazi wa nchi hizi, na katika viwanda vya Ulaya watu walikuwa wamechoka kuieleza sababu. Timu kubwa zilikuja tena mwaka ule na vipuri vyao, mafundi wao na fedha zao, zikasimama katika joto la pwani pamoja na watu wa ridhaa waliokuja na motokaa walizozitengeneza wenyewe usiku baada ya kazi. Siku hizo za masika ubichi wa bahari huingia katika nyaya za umeme wa motokaa, na asubuhi injini hukohoa kama wazee. Mshindi alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, katika Ford Escort, mgeni wa kwanza kabisa kuichukua Safari. Aliyeketi kando yake na kumsomea ramani alikuwa Gunnar Palm, yule yule aliyeibiringisha Saab matopeni mwaka 1964.